Spea ya Gari Uliyoagiza Mtandaoni Imechelewa: Tafuta Kwanza Imesimama Wapi

Spea inayotoka nje hupita mikono mingi kabla ya kufika kwa fundi: muuzaji, ghala, msafirishaji, uwanja wa ndege au bandari ya kule, kituo cha katikati, forodha, halafu mtu wa mwisho anayekukabidhi. Ikichelewa, imesimama kwenye mkono mmoja tu kati ya hiyo, na kila mkono una ufunguo wake. Ukimsumbua wakala wa forodha wakati boksi bado liko Guangzhou, unamaliza salio bure. Ukimgombeza muuzaji wa Japani wakati mzigo unasubiri TIN yako (namba ya mlipakodi) hapa Dar es Salaam, ni wewe unayeongeza siku. Maelezo haya yanafuata dalili unayoiona kwenye simu yako, kisha sababu zake, kisha cha kufanya.

Soma namba kwanza

Namba ya kufuatilia mzigo inakuambia mengi hata kabla hujaiingiza kwenye tovuti.

Herufi mbili, tarakimu tisa, herufi mbili, kwa mfano EE502613747JP: huo ni mzigo wa posta. Herufi mbili za mwisho ni nchi ulikotumwa (JP Japani, CN China, AE Falme za Kiarabu, GB Uingereza). Herufi ya mwanzo ni aina ya huduma: E ni EMS (huduma ya haraka ya posta), C ni kifurushi cha kawaida, R ni kipakti kilichosajiliwa. Mzigo wa namna hii ukifika Tanzania unapokelewa na Shirika la Posta, na huko ndiko kwa kuulizia.

Tarakimu ya tisa ni ya ukaguzi, na unaweza kuihakiki kwa kalamu. Zidisha nane za mwanzo kwa 8, 6, 4, 2, 3, 5, 9 na 7 kwa mpangilio huo, jumlisha, gawanya kwa 11, kisha salio ulitoe kwenye 11. Kwa namba ya mfano: 40 + 0 + 8 + 12 + 3 + 15 + 63 + 28 = 169. Ukigawanya kwa 11 linabaki 4, na 11 kutoa 4 ni 7, ambayo ndiyo tarakimu ya tisa. Jibu likija 10, tarakimu huwa 0. Likija 11, huwa 5. Namba isiyokubali hesabu hii imekosewa kunakiliwa au imetungwa.

Tarakimu kumi tupu kwa kawaida ni DHL Express, kumi na mbili ni FedEx, na inayoanza na 1Z ni UPS. Tarakimu kumi na moja zilizoandikwa tatu, kistari, nane ni hati ya mzigo wa ndege, na zile tatu za mwanzo ni shirika la ndege: 176 Emirates, 071 Ethiopian, 157 Qatar, 706 Kenya Airways, 235 Turkish. Hapa pia kuna ukaguzi: chukua tarakimu saba zinazofuata kistari, zigawanye kwa 7, na salio ndilo tarakimu ya nane.

Herufi nne, ya nne ikiwa U, na tarakimu saba, ni namba ya kontena. Hiyo unaifuatilia kwenye tovuti ya kampuni ya meli yenye kontena.

Kuna namba ambazo hazitaonekana kwenye tovuti yoyote kubwa. Msafirishaji anayekusanya mizigo ya watu wengi hupewa hati moja kuu na shirika la ndege au meli, kisha yeye huwapa wateja wake namba zake za ndani. Uliyonayo wewe ni ya ndani. Mwombe namba kuu. Msafirishaji ambaye kweli ameshapakia mzigo anayo kwenye karatasi zake, na kuisoma hakumchukui dakika tano. Akizungukazunguka, chukulia kwamba mzigo bado uko ghalani kwake.

Je, imechelewa kweli?

Kwa ndege kutoka Guangzhou au Dubai, wasafirishaji wengi huahidi siku 5 hadi 10 tangu mzigo ufike ghalani kwao, si tangu ulipolipa dukani. Hapo ndipo watu wengi wanapokosea hesabu, maana kutoka dukani hadi ghala la Guangzhou kunaweza kula siku 3 hadi 7 nyingine. Kwa meli kutoka China hesabu siku 35 hadi 60 mpaka mkononi, na Dubai ni pungufu ya hapo kwa kiasi kikubwa. EMS kutoka Japani mara nyingi ni wiki moja hadi tatu.

Kisha angalia kalenda ya kule. Mwaka mpya wa China huangukia kati ya 21 Januari na 20 Februari. Viwanda hufungwa wiki mbili au zaidi na maghala hujaa kabla na baada. China hufunga tena kuanzia 1 Oktoba kwa takriban wiki moja. Japani husimama mwishoni mwa Aprili hadi tarehe 5 Mei, katikati ya Agosti wakati wa sikukuu ya Obon, na kuanzia 29 Desemba hadi 3 Januari. Spea za Land Rover, Mercedes au Volkswagen zinazotoka Ulaya kwa meli ziliongezewa safari kuanzia mwishoni mwa 2023, baada ya meli kushambuliwa Bahari ya Shamu na kampuni nyingi kuamua kuzunguka Rasi ya Tumaini Jema. Mzigo wa Japani na China haupiti huko, kwa hiyo muuzaji wa Osaka akikupa sababu hiyo, muulize jina la meli na njia yake.

Dalili: umelipa, siku zinapita, oda bado "inaandaliwa"

Sababu kubwa ni kwamba muuzaji hana hiyo spea. Maduka mengi ya mtandaoni huorodhesha namba zote za katalogi ya mtengenezaji, kisha huagiza kwa muuzaji wa jumla baada ya wewe kulipa. Kama kwa mtengenezaji nako imekwisha, oda yako inakaa kwenye foleni bila mtu kukuambia. Kwa magari yaliyotoka miaka ya 1990 na mwanzoni mwa 2000, spea nyingine zimeshaacha kutengenezwa kabisa.

Sababu ya pili ni namba ya spea kubadilishwa. Mtengenezaji huboresha kifaa na kukipa namba mpya. Ya zamani inabaki kwenye tovuti lakini haiuziki. Muuzaji makini hukuandikia kuuliza kama unakubali mpya. Barua pepe hiyo huenda iko kwenye folda ya barua taka (spam), na oda imesimama ikikusubiri wewe. Itafute kabla ya kulalamika.

Sababu ya tatu ni gari lako kutotambulika. Magari yaliyotengenezwa kwa soko la ndani la Japani hayana VIN (namba ya utambulisho wa gari) ya herufi na tarakimu 17. Yana namba ya fremu, kwa mfano inayoanza NZE121 kisha kistari na tarakimu saba. Tovuti za Ulaya na Marekani hukataa namba hii, na mhudumu huiweka oda kando hadi apate VIN ambayo haipo. Mtumie picha ya kibati cha chuma cha kwenye chumba cha injini, kinachoonyesha modeli kamili, injini na gia boksi, umwambie wazi kuwa ni gari la soko la Japani.

Mwandikie muuzaji ujumbe mmoja wenye maswali matatu: spea iko kwenye ghala lako leo, ndiyo au hapana? Kama hapana, umeagiza lini na unaitarajia tarehe gani? Kama namba imebadilishwa, mpya ni ipi? Akishindwa kutaja tarehe ndani ya siku mbili za kazi, omba kurudishiwa fedha wakati huohuo. Katika hatua hii kufuta oda bado ni rahisi. Boksi likishatoka, utahitaji kulipia na kurudisha.

Dalili: namba ipo, lakini hakuna aliyeugusa mzigo

Skrini inasema taarifa zimepokelewa au lebo imetengenezwa, basi. Maana yake ni kwamba muuzaji amechapa lebo lakini hajakabidhi boksi. Wauzaji hufanya hivyo ili mfumo wa soko la mtandaoni uone wametuma kwa wakati. Siku 3 za kazi ni kawaida, siku 5 ni za kuuliza, na siku 7 mwambie muuzaji akupe stakabadhi ya kukabidhi mzigo.

Kama unatumia ghala la msafirishaji Guangzhou, dalili hii ina sura nyingine: muuzaji anasema boksi limepokelewa, ghala linasema hawalioni. Mara nyingi wote wawili wanasema kweli. Boksi limefika bila alama yako, yaani jina na namba ya simu uliyosajiliwa nayo, likatupwa kwenye rundo la mizigo isiyo na mwenyewe. Ufumbuzi ni mambo matatu utakayomwomba muuzaji na kuyapeleka ghalani kwa pamoja: namba ya kifurushi ya ndani ya China, picha ya boksi likiwa limefungwa na lebo inaonekana, na uzito wake. Mtu wa ghala akiwa na hayo atalipata kwenye rundo. Akiwa na jina lako tu, halipati.

Kwenye ghala hilohilo mzigo husimama kwa sababu ya ukubwa. Bampa la mbele lina uzito wa kilo 5 au 6, lakini ndege haitozi kilo hizo. Boksi la sentimita 180 kwa 60 kwa 50 lina sentimita za ujazo 540,000. Kampuni za vifurushi vya haraka hugawanya kwa 5,000, unapata kilo 108. Mizigo ya kawaida ya ndege hugawanywa kwa 6,000, unapata kilo 90. Ghala linapopima na kukuta hivyo, linasubiri ukubali bei mpya, na ujumbe wa kukuuliza huenda umetumwa kwenye namba usiyoitumia. Bampa, boneti, kioo cha mbele, dashibodi na tangi la mafuta vipeleke kwa meli tangu mwanzo. Boksi hilo ni mita za ujazo 0.54 tu, na kwa meli ujazo ndio unaolipiwa. Spea ndogo na nzito kama diski za breki, beringi na boljointi zipigie hesabu zote mbili kabla ya kuchagua.

Dalili: mzigo umerudishwa kwa muuzaji, au umekwama uwanja wa ndege wa kule

Hapa karibu kila mara ni suala la vitu vya hatari. Wanunuzi hushangaa kwa sababu wanaona ni spea tu, wakati shirika la ndege linaona kitu kinachoweza kuwaka au kulipuka angani. Ea begi na mikanda ya viti yenye kikazio cha baruti vina namba ya hatari UN 3268. Betri ya asidi ni UN 2794. Shokapu za gesi huangukia kundi la vitu vyenye mgandamizo. Kompresa ya AC yenye gesi ndani, rangi, makopo ya kupulizia, gundi, na betri za magari ya haibridi zote zina masharti yake.

Linalowaumiza zaidi wanunuzi wa spea zilizotumika ni mabaki. Pampu ya mafuta, kabureta, injekta au injini iliyotolewa kwenye gari bila kukaushwa hutoa harufu ya petroli. Mfanyakazi wa uwanja akiinusa, boksi linashushwa. Injini na gia boksi zikivuja oili kwenye kreti, nazo hushushwa. Mwambie muuzaji kabla hujalipa: mwaga mafuta na oili yote, kausha, ziba matundu kwa vifuniko, funga kwa plastiki, na uandike kwenye ankara kwamba kimekaushwa.

Mzigo ukishakataliwa, usimwache muuzaji autume tena kwa njia ileile akitumaini utapita. Utazuiwa mara ya pili na gharama ya kurudisha itakuwa yako. Hamisha kwenye meli, au nunua hicho kimoja hapa nchini na vilivyobaki viendelee na safari. Ea begi moja ndani ya oda ya vitu kumi huzuia vyote kumi.

Dalili: umetoka nchi ya muuzaji, kisha kimya

Kwa posta, kimya cha siku 10 hadi 14 baada ya neno la kuondoka si habari mbaya. Neno hilo mara nyingi linamaanisha gunia limefungwa na kukabidhiwa kwa ajili ya ndege, wala halithibitishi kwamba ndege imeshapaa. Kwa kampuni ya vifurushi vya haraka, kimya cha siku 3 za kazi si cha kawaida, piga simu.

Zikipita wiki tatu kwa posta, uchunguzi rasmi hufunguliwa na upande wa mtumaji, kwa sababu ndiye aliyelipa posta ya kule. Mwambie muuzaji aende kwao kufungua dai, akutumie namba ya dai hilo. Kwa vifurushi, muda wa kudai ni miezi 6 tangu kutumwa, lakini usiungoje uishe. Wakati huohuo iulizie namba Posta ya hapa, maana mara kadhaa kifurushi kimeshafika na ujumbe mfupi umeshindwa kuingia kwenye simu.

Hapo tuseme neno kuhusu simu na anwani. Sanduku la posta linatosha kwa Posta tu. Kampuni ya vifurushi vya haraka inahitaji mtaa, jengo, alama inayojulikana karibu, na namba ya simu kuanzia +255 bila ile sifuri ya mwanzo. Ukiandika +2550, dereva hapigi popote, na mfumo utaandika kwamba mpokeaji hakupatikana.

Kwa meli, kimya husababishwa na kituo cha katikati. Makontena mengi ya kuja Dar es Salaam na Mombasa hushushwa Singapore, Port Klang, Colombo, Salalah au Jebel Ali na kusubiri meli nyingine. Kama meli ya pili imejaa, kontena husogezwa hadi safari inayofuata, wiki moja au mbili mbele. Hakuna ufunguo wako hapo. Unachoweza ni kuandika namba ya kontena kwenye tovuti ya kampuni ya meli kila baada ya siku tatu na kuangalia kama jina la meli limebadilika.

Dalili: kontena limefika bandarini, mzigo wako haujatoka

Kama umechangia kontena na watu wengine, elewa kwamba forodha hulishughulikia kontena hilo zima. Mtu mmoja aliyeandika nguo kumbe ameweka simu, au aliyeshusha bei ya mzigo wake, anaweza kusababisha kontena kufunguliwa na kukaguliwa boksi kwa boksi. Diski zako za breki zinasubiri ndani wakati huo, ingawa karatasi zako hazina kosa.

Usimuulize wakala "mzigo unatoka lini?" Jibu litakuwa wiki ijayo, kila wiki. Muulize hivi: kontena limeshushwa tarehe gani? TANSAD (tamko la forodha la Tanzania) imeshatengenezwa, na namba yake ni ipi? Kodi imeshalipwa? Limepangiwa kupita moja kwa moja, kupigwa skana, au kufunguliwa? Limehamishiwa bandari kavu ipi? Kila jibu linakuonyesha hatua. Kama TANSAD haipo wiki moja baada ya kushushwa, tatizo ni karatasi au fedha za msafirishaji mwenyewe. Kama kodi imelipwa na linasubiri kufunguliwa, ni foleni ya ukaguzi na siku zinahesabika.

Kwa anayeleta injini nzima au nusu gari kwa jina lake mwenyewe, kikwazo cha kawaida ni hati ya shehena, ambayo mawakala huiita BL. Kama muuzaji ameshikilia nakala halisi akisubiri salio lako, kampuni ya meli haitatoa hati ya kuachia mzigo. Malizia malipo na udai BL, au uthibitisho wa kuachia kwa njia ya kielektroniki, meli ikiwa bado baharini. Siku za kukaa bure zikiisha, gharama za kuhifadhi na za kontena huanza kwenda kila siku, tena kwa dola.

Dalili: uko forodha

Hii ndiyo hatua ambayo mnunuzi mwenyewe ana nguvu kubwa kuliko anavyodhani, kwa sababu kinachokosekana mara nyingi kiko mfukoni mwake.

Kwanza TIN, au PIN ya KRA kwa aliye Kenya. Bila hiyo tamko la forodha halitengenezwi. Jina kwenye ankara lifanane na jina la kwenye TIN; jina la utani ulilojisajilia dukani linatosha kuzuia.

Pili ankara. Ankara inayosema "spea za gari, dola 20" haimsaidii ofisa wa forodha, na inamtia shaka. Inayofaa inasema: pedi za breki za mbele, mpya, Toyota Corolla NZE121, namba ya spea, seti 1, bei kwa seti, nauli, jumla, sarafu. Maelezo hayo ndiyo yanayompa wakala namba ya HS (namba ya kuainisha bidhaa kwa ajili ya ushuru) bila kubahatisha. Spea zote haziko kwenye sura moja: pedi za breki, bampa, shokapu, redieta na klachi ziko kwenye 8708, plagi 8511, taa na waipa 8512, beringi 8482, vipuri vya ndani ya injini 8409, filta za oili 8421, gasketi nyingi 8484. Mzigo wa vitu mchanganyiko ulioandikwa namba moja ya HS hurudishwa kurekebishwa, na marekebisho ni siku.

Tatu thamani. Sheria ya forodha ya Jumuiya ya Afrika Mashariki inaanza na bei uliyolipa kweli, na ofisa akiitilia shaka anaweza kuhamia bei ya bidhaa zinazofanana. Wauzaji wengi wa China hushusha bei kwenye ankara bila kuulizwa, wakidhani wanakusaidia. Wakatazeni. Ofisa akiuliza, mpe ushahidi siku hiyohiyo: stakabadhi ya benki au kadi, ukurasa wa oda, na ukurasa wa bidhaa ukionyesha bei. Barua ya maelezo marefu bila ushahidi wa malipo haisogezi kitu.

Nne viwango. TBS na KEBS, mashirika ya viwango ya Tanzania na Kenya, wana utaratibu wa kukagua bidhaa kabla hazijapakiwa na kutoa cheti cha ubora, na spea za magari zimo. Anayeleta mzigo wa biashara bila cheti atakaguliwa hapa na kulipia zaidi. Aulize kabla muuzaji hajapakia, kwa sababu cheti hakitolewi kwa kurudi nyuma.

Ili usishtuke, piga hesabu ya kodi mapema. Chukua spea ya dola 200, nauli 60, bima 4: jumla 264. Tuseme ushuru wa namba hiyo ya HS ni 10%: 26.40. Jumla inakuwa 290.40, na VAT ya Tanzania ya 18% juu yake ni 52.27. Hapo ni dola 78.67, kabla ya tozo ndogo kama ile ya maendeleo ya reli na kabla ya ada ya wakala. Aliyeweka akiba hiyo hulipa siku anayoambiwa. Asiyeiweka hukaa wiki akitafuta fedha, na gharama za kuhifadhi zinapanda.

Malipo ya TRA hufanyika kwa kontroli namba, na ya KRA kwa namba yake ya malipo. Ukipokea ujumbe kwamba mzigo umekamatwa na utume fedha kwenye namba ya mtu binafsi ili uachiwe, usitume. Nenda kwenye tovuti ya msafirishaji kwa kuandika anwani mwenyewe, usibonyeze kiungo cha kwenye ujumbe.

Dalili: inaonyesha umepokelewa, na wewe hujapokea

Angalia mji na uzito ulioandikwa. Wako watu wanaotoa namba ya kifurushi cha mtu mwingine ili ionekane wamekutumia. Kama mji si wako au uzito ni gramu 50 wakati ulinunua tairodi mbili, omba msafirishaji akupe uthibitisho wa maandishi wa anwani ya kupokelea, ufungue dai kwenye soko ulilonunulia. Kama mji ni wako, anza na mlinzi, mapokezi ya ofisi, na duka la jirani.

Gari likisubiri

Usimruhusu fundi afungue injini kabla seti ya gasketi na spea zote haziko mezani. Silinda hedi ikishatolewa na mzigo ukachelewa miezi miwili, kuta za silinda zinaota kutu, boliti zinapotea, na gari linakuwa stoo ya gereji. Kama tayari limefunguliwa, paka oili safi kwenye silinda, funika kwa plastiki, na kila boliti iingie kwenye mfuko wenye maandishi.

Pedi zilizobaki milimita 3, boljointi inayocheza, tairodi iliyolegea: hivyo havisubiri meli. Nunua za hapa, hata kama bei inauma au ni za daraja la chini kidogo, ile uliyoagiza iwe ya akiba. Kusubiri kunafaa kwa taa, saidi mira, vipuri vya AC na mapambo.

Saa ya kudai fedha inatembea

Wauzaji wasio waaminifu hukupoza kwa maneno mazuri mpaka muda wa kudai upite. PayPal inakupa siku 180 tangu ulipolipa. eBay inakupa siku 30 baada ya tarehe ya mwisho iliyokadiriwa ya kufika. Kadi za benki mara nyingi ni siku 120 tangu tarehe uliyoahidiwa. Kwenye masoko ya China, tarehe ya mwisho ya ulinzi iko ndani ya ukurasa wa oda, na muuzaji anaweza kukuomba uthibitishe umepokea ili "mfumo uendelee". Usithibitishe boksi ambalo hujaligusa. Kwa mzigo wa meli wa siku 60, ulinzi unaweza kwisha mzigo ukiwa bado baharini. Omba urefushwe wiki mbili kabla, na mazungumzo yote yafanyike ndani ya tovuti ya soko, si WhatsApp.

Siku boksi likifika

Piga video kabla ya kukata gundi: pande zote, lebo, kisha ufunguzi hadi spea itoke. Linganisha namba iliyogongwa kwenye chuma au lebo na ile uliyoagiza, tarakimu kwa tarakimu. Kwa Toyota, shokapu ya mbele kulia huanza 48510 na ya kushoto 48520; watu huletewa kulia mbili na kugundua gari likiwa limeshanyanyuliwa. Weka ya zamani na mpya ubavuni kwa ubavu, pima matundu ya boliti, urefu, idadi ya meno na plagi ya umeme. Kuna kasoro? Tuma video hiyo kwa muuzaji siku hiyohiyo, na spea isifungwe kwenye gari, kwa sababu ikishapakwa grisi hakuna muuzaji atakayeipokea.